Injini ya Gari Dogo kwa Autokrosi: Cha Kubadilisha Kwanza Ukiwa Lubumbashi

Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE, ya cc 1,496, hutoka kiwandani na nguvu farasi zinazokaribia 110. Ikishushwa melini Dar es Salaam, zote bado zimo. Ikipanda Mbeya, ikavuka Tunduma, ikakata Zambia na kuingia Congo kwa Kasumbalesa, inafika Lubumbashi na nguvu isiyotimia 100, ingawa hakuna hata boliti moja iliyolegea njiani. Mji umekaa zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko.

Kwa mtu anayetoka Kamalondo kwenda Ruashi kununua bidhaa, upungufu huo haumsumbui. Kwa anayetaka kushindana, ndio mwanzo wa hesabu zote.

Autokrosi ni mbio fupi kwenye njia iliyofungwa, na saa ndiyo inayoamua mshindi. Marekani huziendesha kwenye lami iliyopangwa koni. Afrika Mashariki huziendesha kwenye udongo: kona kali, mashimo na vumbi linalofunika kioo. Kenya ina mashindano ya taifa ya mchezo huu, na Jamhuri Park jijini Nairobi ni moja ya viwanja vyake. Kwa dereva wa Lubumbashi, majirani wa karibu zaidi wako ng'ambo ya Kasumbalesa, kwenye Ukanda wa Shaba wa Zambia, kwenye miji ya Chingola, Kitwe na Ndola. Nchi hiyo ina chama chake, Zambia Motor Sports Association, na ndiyo iliyomtoa Satwant Singh, aliyetwaa ubingwa wa Afrika wa mbio za rali mara 8.

Anayeingia mchezoni na Vitz, IST, Starlet au Corolla hukimbilia kuuliza: nifunge turbo gani? Swali hilo lisubiri. Kwenye mwinuko na vumbi la Katanga, fedha ya kwanza iende kwenye hewa safi, ubaridi wa injini na mvuto wa mizunguko ya katikati. Nguvu ya kujivunia kwenye karatasi ije baada ya hapo.

Gari dogo si gari dhaifu

Mwaka 1993, kwenye Safari Rally ya Kenya, Daihatsu Charade zilimaliza nafasi ya 5, ya 6 na ya 7, nyuma ya Toyota Celica nne za timu ya kiwanda. Injini ya Charade GTti haikufika hata lita moja. Mwaka huohuo Patrick Njiru wa Kenya aliifikisha Subaru Vivio, yenye injini ya cc 660 tu, kwenye nafasi ya 12 na kushinda daraja lake. Colin McRae aliendesha Vivio kama hiyo, akawashangaza wengi kwa kasi yake ya mwanzo, lakini hakuiona tamati.

Vivio mbili za aina moja, matokeo mawili. Mwenye gari dogo azingatie hilo kabla hajafungua pochi: injini inayofika mwisho ikiwa na nguvu ya wastani huishinda inayozimika katikati ya mzunguko.

Anza na kanuni za daraja lako

Kabla ya kununua chochote, pata kanuni za mashindano unayokusudia kwenda. Kenya hutenganisha magari ya magurudumu mawili ya kuvuta na ya manne, kisha yenye turbo na yasiyo nayo. Kifaa kimoja kinaweza kukuhamishia kwenye kundi la magari yenye nguvu maradufu.

Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mchezo wa magari, huzidisha ukubwa wa injini ya petroli yenye turbo kwa 1.7 ili kuilinganisha na isiyo na turbo. Starlet yenye injini ya 4E-FTE ya cc 1,331 huhesabiwa kama ya cc 2,263. Daihatsu waliielewa hesabu hii mapema. Katika miaka ya 1980, kizidisho kilipokuwa 1.4, walitengeneza Charade maalumu ya cc 926, kwa sababu 926 mara 1.4 ni 1,296, chini kidogo ya mpaka wa cc 1,300. Walianza na kanuni, ndipo wakachora injini.

Injini yako hufanya kazi kwa mizunguko mingapi?

Kwenye autokrosi ya udongo, gari dogo huishi gia ya pili. Chukua Vitz ya gia za mkono yenye matairi ya inchi 14. Kwa uwiano wa kawaida wa gia zake, mwendo wa kilomita 40 kwa saa kwenye gia ya pili ni kama mizunguko 2,600 kwa dakika, na kilomita 90 ni kama 5,800. Mzunguko mzima wa mashindano umo ndani ya mipaka hiyo: unatoka kona kwa 2,600, unavuta, unafunga breki, unaanza tena.

Kwa hiyo kamshafti kali inayoamka kwenye mizunguko 5,000 itakusaidia kwa sekunde chache tu za mwisho wa njia iliyonyooka, na kukuibia muda kila unapotoka kona. Kila kifaa kipimwe kwa swali moja: kinaongeza mvuto kati ya mizunguko 2,500 na 6,000? Kisichofanya hivyo kibaki dukani.

Pima afya kwanza

Magari mengi madogo ya Lubumbashi yalitumika Japani miaka mingi kabla ya kufika hapa. Kufunga vifaa vya mbio juu ya injini iliyochoka ni kuiharakishia kifo. Mwambie fundi apime kompresheni, na usimame pale anapopima.

Injini iwe ya moto. Plagi zote zitolewe, mafuta na umeme wa plagi vikatwe, na mtu akanyage kichapuzi hadi chini ili hewa iingie bila kizuizi. Stata izungushe injini mara 5 au 6 kwa kila silinda, na namba ziandikwe kwenye karatasi. Kitabu cha gari hutoa kiwango kilichopimwa karibu na usawa wa bahari. Kwa Lubumbashi geji husoma chini ya hapo kwa kama asilimia 12 hata injini ikiwa nzima. Basi usibabaishwe na namba moja. Linganisha silinda kwa silinda. Toyota hutaka tofauti isizidi kama kilo 1 kwa sentimita ya mraba. Silinda moja ikiwa chini sana, mimina kijiko cha oili kwenye tundu lake na upime tena. Namba ikipanda, ringi zimekwisha. Ikibaki palepale, tazama valvu au gasketi ya hedi.

Baada ya kipimo, fanya kazi ndogo zisizoonekana: plagi mpya, uwazi wa valvu, usafi wa nozeli, cheni au mkanda wa kamshafti. Mwenye Starlet ya zamani ya karburata ana jambo la ziada. Karburata iliyopangwa kwa usawa wa bahari humwaga petroli nyingi mno kwa hewa nyepesi ya huku. Plagi huwa nyeusi kwa masizi na gari huvuta kwa uvivu. Jeti kuu ndogo zaidi ni kifaa cha bei ya chini kabisa, na mara nyingi ndiyo inayoleta badiliko kubwa kuliko yote. Injini zenye nozeli za umeme hupima hewa zenyewe na kujirekebisha.

Hewa: safi kabla ya nyingi

Kuanzia Mei hadi Septemba Lubumbashi haioni mvua ya maana. Udongo mwekundu husagika kuwa unga, na gari lililo mbele hukurushia wingu zima. Unga huo ukipita kwenye kichujio, huchanganyika na oili na kuwa msasa kati ya ringi na kuta za silinda. Injini iliyokimbizwa bila kichujio ili "ipumue vizuri" inaweza kuharibika kwa msimu mmoja.

Kichujio cha koni kilichoachwa wazi chini ya boneti kina makosa mawili. Kinavuta vumbi, na kinavuta hewa ya moto iliyotoka kwenye radieta. Hewa ya moto ni nyepesi zaidi, na wewe tayari umeibiwa na mwinuko. Bakiza boksi la kiwanda. Weka kichujio cha karatasi cha ubora, kifunike kwa sponji iliyolowekwa oili maalumu ya vichujio, na vuta mdomo wa kuingizia hewa uwe juu, mbali na gurudumu la mbele na nyuma ya taa.

Kisha hakiki kazi yako. Baada ya mazoezi, fungua bomba lililo baada ya kichujio, upande wa injini, na upitishe kitambaa cheupe ndani. Kitambaa kikitoka na alama nyekundu, hewa inapenya mahali fulani. Kagua klipu, mpira wa boksi na nyufa za bomba kabla gari halijawashwa tena.

Oili na joto

Gari linapokaa kwenye kona ndefu kwa kasi, oili yote husukumwa upande mmoja wa karteri. Mdomo wa pampu unabaki ukivuta hewa. Taa ya oili ikimulika kwenye kona, beringi zimekosa oili, na hilo likirudiwa zitaanza kugonga.

Dawa yake si ghali. Jaza oili hadi alama ya juu ya kijiti, bila kuipita. Fundi mwenye mashine ya kuchomelea anaweza kuweka kuta ndogo za bati ndani ya karteri kuzunguka mdomo wa pampu, zenye vijilango vinavyoruhusu oili kuingia lakini si kukimbia. Ongeza geji ya presha ya oili unayoweza kuiona ukiwa umefunga mkanda. Taa ya kiwandani huwaka wakati madhara yameshaanza.

Kuhusu joto, injini za NZ zina bloku ya alumini yenye silivu nyembamba za chuma, na hazikukusudiwa kuchongwa zikichakaa kama zilivyo bloku za chuma za Starlet. Gari likichemsha mara moja vibaya, hedi hupinda na gharama yake huweza kuzidi thamani ya injini. Radieta isafishwe ndani na nje, maana vumbi lililoganda kwenye mapezi yake huzuia hewa kama ukuta. Tumia kipozeo chenye dawa, si maji ya bomba matupu. Usiondoe thamostati. Bila hiyo injini hukimbia ikiwa baridi, ikanywa mafuta na kuchakaa haraka. Feni iwe na swichi yake kwenye dashibodi, ili iendelee kupuliza unaposubiri zamu chini ya jua la Oktoba, mwezi wenye joto kali kuliko yote.

Moshi utoke vizuri

Baada ya hapo ndipo pesa huanza kununua nguvu. Manifoldi ya moshi yenye mabomba marefu, ambayo manne huungana kuwa mawili kisha moja, husaidia mvuto wa katikati. Ile ambayo manne huungana moja kwa moja kuwa moja hupendelea mizunguko ya juu. Kwa autokrosi, chagua ya kwanza.

Bomba la nyuma lisiwe pana kupita kiasi. Kwa injini ya lita 1.3 au 1.5 isiyo na turbo, kipenyo cha kama inchi 2 kinatosha. Bomba pana linalonguruma mtaa mzima hupunguza kasi ya moshi na kudhoofisha mvuto wa chini. Sailensa ibaki, kwa kuwa viwanja vingi vina kikomo cha kelele. Bomba lote lifungwe juu, mbali na mawe.

Kompyuta ya injini

Bila kurekebisha kompyuta, vifaa vilivyotangulia hutoa sehemu tu ya faida. Fundi anayejua kazi hufunga kipimo cha oksijeni cha wigo mpana, huendesha gari kwa kichapuzi chote, na kulenga mchanganyiko wa kama sehemu 12.5 hadi 13 za hewa kwa moja ya petroli. Kisha huwahisha cheche kidogo kidogo akisikiliza kama injini inagonga.

Mwinuko una fadhila yake hapa. Hewa nyepesi hupunguza presha ndani ya silinda, na injini isiyo na turbo hugonga kwa shida zaidi kuliko Dar es Salaam. Kuna nafasi ya kuwahisha cheche, hata kupandisha kompresheni kwa kunyoa hedi kidogo, bila kuhitaji petroli ya pekee. Sehemu ya kilichochukuliwa na mwinuko hurudi kwa njia hii. Tahadhari ni moja: gari lililorekebishwa Lubumbashi likipelekwa kushindana pwani lirekebishwe upya.

Kubadilisha injini nzima

Kwa wengi hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote. IST na Vitz zenye injini ya 2NZ-FE ya cc 1,298 zina nguvu farasi 87 na mvuto wa Nm 121. Injini ya 1NZ-FE ni ya ukoo huohuo: kipenyo cha silinda ni milimita 75 kwa zote mbili, ila pistoni husafiri milimita 84.7 badala ya 73.5. Mvuto wake ni Nm 141 kwenye mizunguko 4,200, katikati kabisa ya eneo la kazi. Hilo ni ongezeko la zaidi ya asilimia 16, na linafidia mwinuko wote na kubakiza chenji. Hakuna kilichochongwa, hakuna kilichokazwa kupita uwezo wake, na vipuri vyake ni vilevile vya teksi.

Unaponunua injini ya mtumba, itake na kompyuta yake, waya zake na sensa zake zote. Fungua kifuniko cha oili: tope jeusi au rangi ya maziwa ni sababu ya kuondoka. Pima kompresheni kabla ya kulipa.

IST nyingi zina gia za otomatiki, ambazo huchelewa kwenye kona na kuchemsha kwenye udongo. Gia boksi ya mkono ya Vitz RS ilitoka kiwandani na 1NZ-FE hiihii, kwa hiyo inapatana nayo. Panga mapema pedali, nyaya za gia na kompyuta, kwani ndizo zinazokwamisha kazi.

Turbo, na kwa nini isubiri

Turbo hupuuza mwinuko kuliko kifaa chochote, kwa kuwa hujikandamizia hewa yake. Starlet GT Turbo ilitoka na nguvu farasi 135 kwenye gari lisilofika kilo 900, na injini yake ya 4E-FTE ilijengwa kwa kazi hiyo: kompresheni ya chini na pistoni zinazostahimili. Anayetaka turbo achukue injini hiyo nzima. Kufunga turbo kwenye 1NZ-FE ya kawaida, yenye kompresheni ya 10.5, bila kugusa pistoni, nozeli na kompyuta, ni kuitafutia ajali.

Hata turbo ya kiwandani ina masharti. Hushikwa na vumbi haraka, huongeza joto, na huchelewa kuamka dereva anapotoka kona. Kubwa zaidi, nguvu yake hupita kwenye magurudumu mawili ya mbele. Bila difrenshali yenye kizuizi cha kuteleza, gurudumu la ndani ya kona litachimba udongo na saa itaendelea kuhesabu. Kizuizi hicho kifungwe kabla ya turbo.

Kilo ni nguvu pia

Gari la kilo 1,000 likipunguzwa kilo 120, uwiano wake wa uzito na nguvu unarudi karibu na ulivyokuwa Dar es Salaam. Kiti cha nyuma, gurudumu la akiba, kapeti na spika huondoka kwa jioni moja, kanuni zikiruhusu. Rudisha sehemu ya kilo hizo kwenye fremu ya chuma ya kulinda paa, mkanda wa pointi nne au zaidi, kizima moto na swichi ya kukata umeme. Wakaguzi huvitazama hivi kabla ya injini, na gari lisilo navyo halipewi namba.

Mpangilio wa matumizi

Mwenye bajeti ndogo afuate utaratibu huu: kipimo cha kompresheni na matengenezo, kichujio na njia ya hewa, kuta za karteri, geji ya oili na radieta, kupunguza uzito, manifoldi na bomba la moshi, kompyuta. Akifika hapo ashindane msimu mzima. Namba za saa zitamwonyesha kama upungufu uko kwenye injini, kwenye matairi au kwenye mikono yake. Ndipo aamue juu ya 1NZ-FE, difrenshali au Starlet ya turbo.

Kila baada ya mashindano, oili na kichujio chake vibadilishwe bila kungoja kilomita, kwa sababu saa chache za vumbi na mizunguko ya juu hulingana na miezi ya mjini. Kata kichujio cha zamani cha oili kwa msumeno, kunjua karatasi yake na uitazame juani. Vumbi laini jeusi ni la kawaida. Chembe zinazong'aa rangi ya shaba zinatoka kwenye beringi, na gari hilo lisipelekwe Kitwe wiki ijayo hadi karteri ifunguliwe.